Ndevu Tulizozing'oa kwa Majivu

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kitandani, hospitalini Arusha. Kesho asubuhi watanipasua tumbo. Naogopa, Shangazi. Mume wangu nimemdanganya kwamba siogopi, kwa hiyo umebaki wewe wa kuambiwa.

Unakumbuka nilivyokuwa nakung'oa ndevu kule migombani? Unapaka kidevu majivu ili zisiteleze, unasema, "Haraka mwanangu, wasije wakatuona." Nilikuwa nacheka. Mwaka ule tulipokuzika, zikaanza kunitoka mimi.

Damu ya mwezi nayo haiji. Mwaka jana ilikaa miezi mitano, mama mkwe akadhani nina mimba. Akanikataza kubeba kahawa, akafungia mbuzi ndani amnenepeshe, wa kunichinjia nikijifungua. Mwezi wa sita damu ikaja. Mbuzi yule bado yupo, mnene kweli, na kila akilia natoka nje. Sasa mama mkwe anamwambia mwanawe anirudishe kwetu.

Nilikwenda kwa daktari mara mbili kwa ajili ya damu hiyo. Mara zote mbili nilijing'oa alfajiri, kidevu kikawa safi kama cha mtoto, kama ulivyonifundisha. Angejuaje? Akanipa vidonge, nikarudi mlimani. Mara ya tatu nililetwa na malaria, nikalazwa siku nne bila majivu. Zikaota. Yule daktari Mwingereza akanishika kidevu, akauliza, nesi akatafsiri: "Tangu lini?" Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini hakucheka. Alisema ni ugonjwa, wanawake wengi wanao, mayai hayakomai, yanakwama tumboni. Akikata kipande kidogo cha kifuko cha mayai kila upande, huenda damu ikarudi, huenda nikazaa. Nilimwuliza nesi mara tatu kama amesema huenda. Amesema huenda.

Basi nipasuliwe kwa huenda? Na nikilala nisiamke? Wewe walikuita dume mpaka unaingia kaburini, Shangazi, na kumbe ulikuwa mgonjwa. Nalia nikikumbuka, nashindwa hata kuandika vizuri.

Kwa heri, Shangazi wangu. Ukiniona nakuja huko kesho, nifukuze. Nikiamka, naahidi kumleta hapa Ndeshi, binti wa kaka. Ana miezi minne hajaona damu, na ameanza kujificha asionwe na watu. Nisipoamka, nesi ameshaandika jina lake.

Mwanao,
Nkasia