Rula ya Zuhura

Al Mansoura, Doha

Mpenzi Nekesa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Yeye hajambo, ila miguu inamuuma kwa kusimama wodini kutwa. Mimi joto limenifungia ndani. Jirani yetu Mwislamu, mama wa Mombasa, ameniletea biriani tena. Huniita Mwalimu, na kila akiniita hivyo naona haya.

Umeniuliza kama nilipenda kufundisha Vita vya Msalaba. Nilipenda mno. Nilikuwa mwalimu mpya kule Mumias, na siku hiyo tulipanga madawati yakawa kuta za Yerusalemu. Mwanafunzi wangu Zuhura na Waislamu wenzake wanne waliulinda mji, sisi Wakristo tukauvamia, rula zikiwa panga zetu. Ndiyo, nimesema sisi. Mji ulipoanguka nilipiga makofi. Zuhura alicheka pamoja nasi, kwa kuwa alikuwa ameshasoma mbele kitabuni. Alijua kwamba katika somo la wiki iliyofuata Waislamu wangeuteka tena.

Wiki hiyo aliwahi darasani, rula mkononi, akaanza kusogeza madawati.

Nikamwambia, "Acha, Zuhura. Leo tutasoma kimya kimya."

Alinitazama. "Sawa, Mwalimu," akasema. Akarudisha dawati mahali pake, na rula akaitia mkobani.

Hakuniuliza sababu, Nekesa. Angeniuliza, ningemdanganya.

Ni mimi,
Nyanya yako