Kikao cha Ukoo wa Culpepper kuhusu Kulala Ndani ya Bustani au Nje Yake

KAMATI YA MKUTANO WA MWAKA WA UKOO WA CULPEPPER

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 MACHI 2026, NYUMBANI KWA MWENYEKITI, MACON, GEORGIA

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Verdell Culpepper Hines, Mwenyekiti (binti mkubwa wa Mama Ozella)
2. Bi. Jocelyn Culpepper Ware, Mjumbe, kutoka Atlanta (binti mdogo wa Mama Ozella)
3. Bw. Rodrick Culpepper, Mweka Hazina na msimamizi wa fulana (mjukuu wa Mama Ozella)
4. Bw. Thaddeus Culpepper, Katibu (shemeji wa Mama Ozella)

MWALIKWA
Mama Ozella Culpepper, Mlezi wa Ukoo

HAKUHUDHURIA KWA UDHURU
Bi. Wilhelmina Culpepper, aliyezuiwa na theluji Detroit

HAKUHUDHURIA BILA UDHURU
Bw. Hollis Culpepper, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/3/2026: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa kumi alasiri kwa sala iliyoongozwa na Mama Ozella. Katika sala hiyo Mama alimshukuru Mungu kwa uhai, kwa watoto wake wote wawili waliobaki, na kwa taulo za hoteli ile ya Florida ambako Bi. Jocelyn alimpeleka mwaka jana kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Mwenyekiti alisema "Amina" kabla sala haijafika mwisho. Mama aliendelea kuanzia alipokatizwa.

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwaomba wamwie radhi kwa kuendesha kikao akiwa amesimama, kwa kuwa kuku walikuwa jikoni na keki ilikuwa haijatoka. Kisha aliuliza kama ni halali mtu kuhudhuria kikao akiwa amevaa sapatu za kulalia. Ilibainika kuwa Mama Ozella alikuwa amevaa sapatu nyeupe zenye nembo ya hoteli iliyotajwa. Katibu alijibu kwamba katiba ya ukoo haisemi lolote kuhusu viatu. Bi. Jocelyn alisema sapatu hizo zilitolewa bure, na kwamba kanisani hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti alisema hakujua kwamba zimefika hadi kanisani.

KUMB. NA. 2/3/2026: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu za kikao cha pili zilisomwa. Bi. Jocelyn aliomba masahihisho mahali palipoandikwa kwamba "alijigamba" kuhusu chumba cha hoteli chenye dirisha linaloelekea ziwani. Alisema hakujigamba, bali alieleza. Katibu alifafanua kwamba mtu akieleza jambo lilelile kwa mara ya nne bila kuulizwa, neno lililotumika ni sahihi. Baada ya mashauriano, neno hilo lilibadilishwa na kuwa "alieleza kwa kirefu". Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/3/2026: YATOKANAYO (FULANA)

Bw. Rodrick aliarifu kwamba fulana za mkutano wa Julai zimekwisha kuchapishwa, rangi ya zambarau, zenye jina la ukoo kifuani na picha mgongoni. Mwenyekiti aliomba kuona moja. Picha hiyo ilikuwa ya hoteli, pamoja na minara yake na treni inayopita juu ya ziwa.

Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyeidhinisha picha ya mahali ambapo kamati haijapapigia kura. Bw. Rodrick alijibu kwamba Bibi yake, Mama Ozella, alimpigia simu na kumwambia "weka hoteli yetu", naye akaona kauli ya Bibi inatosha. Mwenyekiti alirudia maneno "hoteli yetu" mara mbili, kisha akaenda jikoni kugeuza kuku. Kikao kilimsubiri.

KUMB. NA. 4/3/2026: MAHALI PA KULALA WAKATI WA MKUTANO WA JULAI

4.1 Mwenyekiti alikumbusha kwamba tangu kufariki kwa baba yao, Mzee Cornelius, mkutano wa ukoo umekuwa ukifunguliwa siku ya Ijumaa hapa hapa uani kwake, kwa samaki aina ya kambare wanaokaangwa na Mwenyekiti mwenyewe, kabla ya fulana za Jumamosi na ibada ya Jumapili. Alieleza kwamba pendekezo la kuupeleka mkutano kwenye bustani ya burudani huko Florida, safari ya karibu siku nzima kwa gari lenye watoto, litaifuta Ijumaa hiyo kwa mara ya kwanza. Aliomba wajumbe wajue wanachokipigia kura.

4.2 Bi. Jocelyn alieleza kwamba hakuna anayefuta kitu. Watoto wa ukoo wameiomba Bustani kwa miaka mingi, na kwa kuwa wanakwenda, ni afadhali walale ndani yake, katika hoteli ile. Alitaja faida zifuatazo: wageni wa hoteli huingizwa nusu saa kabla ya malango kufunguliwa kwa watu wengine; treni huwachukua mlangoni; na jua la mchana likiwa kali, mtoto au mzee hurudi chumbani, akalala kidogo, akatoka tena jioni. Aliongeza kwamba Mama alitazama fataki akiwa amekaa kitandani, amevaa joho la taulo, miguu juu.

4.3 Mwenyekiti alisema picha ya joho hilo anayo, kwani Bi. Jocelyn aliituma kwa ukoo mzima, na baadhi ya watu aliwatumia mara mbili.

4.4 Bw. Rodrick, akiwa Mweka Hazina, alieleza kwamba usiku mmoja katika hoteli hiyo hugharimu sawa na usiku nne katika nyumba ya kupanga iliyo nje ya Bustani, yenye jiko, uwanja wa nyuma na bwawa la kuogelea. Alisema familia yenye watoto wanne haiwezi. Bi. Jocelyn alijibu kwamba mtu akihesabu ada ya kuegesha gari, muda wa foleni na watoto wanaolia barabarani, tofauti inapungua. Bw. Rodrick alisema inapungua, lakini haiishi.

4.5 Mwenyekiti alitoa maoni kwamba mtu huenda kwenye Bustani ili awe Bustanini, si chumbani. "Nikishafumba macho," alisema, "kitanda ni kitanda. Sijawahi kuota ndoto nzuri zaidi kwa sababu mto ni wa bei."

4.6 Bi. Jocelyn alisema ni vigumu kwa mtu ambaye hajawahi kukilalia kitanda hicho kukitolea maoni. Mwenyekiti alijibu kwamba hajawahi kukilalia kwa kuwa hajawahi kualikwa. Alisema siku ile ya kuzaliwa kwa Mama alikuwa ameoka keki ya ghorofa tatu na kuwaita wanakwaya, kisha akapigiwa simu asubuhi na kuambiwa kwamba Mama yuko njiani kwenda Florida. Bi. Jocelyn alisema ilikuwa zawadi ya ghafla. Mwenyekiti alikubali kwamba ilikuwa ya ghafla.

4.7 Bi. Jocelyn aliuliza kama Mwenyekiti anapinga hoteli au anampinga yeye. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu anayehitaji chai baridi. Hakuna aliyehitaji. Mwenyekiti aliileta.

4.8 Kuhusu samaki, Bi. Jocelyn aliarifu kwamba aliipigia simu hoteli kuuliza kama ukoo unaweza kukaanga kambare kwenye roshani. Alijibiwa kwamba haiwezekani, lakini mgahawa una samaki wa baharini anayeandaliwa kwa majani na limau. Mwenyekiti aliuliza ni vipande vingapi kwa sahani. Bi. Jocelyn alijibu kwamba ni kimoja. Katibu anaandika kwamba hoja hii haikuendelezwa.

4.9 Mwenyekiti alipendekeza kura ipigwe ili ijulikane nani yuko upande gani. Hapo Mama Ozella aliinua mkono. Katibu alieleza kwamba mwalikwa hana kura, ila anaweza kusema. Mama alisema hataki kura.

Kwa kuwa yaliyosemwa hapa yalibishaniwa baadaye wakati wa chakula, yanaandikwa kama yalivyotamkwa.

Mama Ozella: "Verdell, mwanangu. Kila Ijumaa ya mkutano nakuja hapa, nakaa kwenye kiti changu kile uani, na ninachokiona ni mgongo wako. Mgongo na kamba za aproni. Nikisema njoo ukae na mimi, unaniambia subiri Mama, hawa ndio wa mwisho. Hao wa mwisho hawajaisha tangu baba yako azikwe."

Mwenyekiti: "Watu wanakula, Mama. Watu mia wanakula."

Mama Ozella: "Wanakula, na wanakusifu. Mimi sikuja kwa samaki. Kule hotelini hakukuwa na jiko. Jocelyn alitafuta kazi ya kufanya akaikosa, ndipo akakaa. Tulikaa dirishani tukala karanga zilizokuwa kwenye mkoba wake, akanieleza mambo ya ndoa yake ambayo sikuyajua."

Bi. Jocelyn: "Mama, si hapa."

Mama Ozella: "Sijayataja. Nimesema ulinieleza. Ndicho nilichokipenda. Taulo nazo ni nzuri, sitasema uongo."

Mwenyekiti: "Mbona hukuniambia?"

Mama Ozella: "Nakwambia kila mwaka. Mafuta yanapiga kelele."

4.10 Mwenyekiti alikuwa ameshika jagi la chai. Bw. Rodrick alilichukua mkononi mwake na kuliweka mezani.

KUMB. NA. 5/3/2026: PENDEKEZO LA MWEKA HAZINA

5.1 Bw. Rodrick alipendekeza kwamba ukoo upange nyumba mbili nje ya Bustani, zenye uwanja wa kukaangia. Kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili ya ukumbi zilipie chumba kimoja tu katika hoteli, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Na kwamba chumba hicho kiwe cha Mama Ozella na Mwenyekiti. Alisema kama hoteli hiyo inastahili bei yake, basi inastahili kwa mtu ambaye hawezi kukaa chini mahali penye jiko.

5.2 Bi. Jocelyn alisema wazo ni zuri, ila lisiharakishwe. Alieleza kwamba, akifikiri vizuri, ile nusu saa ya asubuhi haimsaidii sana mtu anayetembea kwa kigari cha kushikilia, kama Mama. Aliongeza kwamba treni husongamana, kiyoyozi cha chumba kina sauti, na fataki huonekana vizuri vilevile kutoka kwenye maegesho ya magari.

5.3 Mwenyekiti alimwomba Katibu asome kifungu cha 4.2. Katibu alikisoma.

5.4 Bi. Jocelyn alisema hali hubadilika. Aliuliza chumba kina vitanda vingapi. Bw. Rodrick alijibu kwamba ni viwili. Bi. Jocelyn alikumbusha kwamba kuna pia kochi linalokunjuliwa chini ya dirisha, nalo analijua, kwani yeye ndiye aliyelikunjua. Mama Ozella alisema mwaka jana ulikuwa mwaka wa Jocelyn, na kwamba usiku mbili na Verdell si nyingi kwa miaka yote hiyo ya kuona mgongo.

5.5 Bi. Jocelyn aliuliza, ikiwa Mwenyekiti atakuwa hotelini Ijumaa, ni nani atakayekaanga samaki. Wajumbe walimtazama. Bi. Jocelyn alionyesha kucha zake na kusema kwamba hajawahi kukaanga samaki wa watu zaidi ya wawili, na mmojawao alikuwa daktari wa meno aliyekula kwa heshima tu. Ilieleweka kwamba alimkusudia mumewe.

5.6 Yafuatayo nayo yanaandikwa kama yalivyotamkwa.

Mwenyekiti: "Ni rahisi, Jo. Unga wa mahindi, chumvi, pilipili ya kusaga. Dondoshea mafuta punje ya unga. Ikicheza, tia samaki. Isipocheza, ngoja."

Bi. Jocelyn: "Na mimi nitakaa na Mama saa ngapi?"

Mwenyekiti: "Tutakuja kula. Utamwona ukigeuka."

Bi. Jocelyn aliomba maneno ya mwisho ya Mwenyekiti yafutwe kwenye kumbukumbu kwa kuwa hayana upendo. Mwenyekiti aliomba yabaki. Mama Ozella alicheka hadi akahitaji maji. Katibu aliamua yabaki, kwa kuwa yalisemwa.

KUMB. NA. 6/3/2026: MAAZIMIO

Baada ya kura (wawili walikubali, mmoja alikataa, na Katibu hakupiga kura kwa mujibu wa katiba), iliazimiwa kwamba:

(a) Ukoo utalala katika nyumba za kupanga nje ya Bustani.

(b) Mama Ozella na Bi. Verdell watalala hotelini ndani ya Bustani. Bi. Verdell haruhusiwi kubeba aproni, karai wala unga. Begi lake litakaguliwa na Bw. Rodrick kabla ya safari.

(c) Samaki wa Ijumaa watakaangwa na Bi. Jocelyn akisaidiwa na Bw. Hollis, ambaye atajulishwa uamuzi huu kwa kuwa hakuwepo kuupinga.

(d) Fulana zitavaliwa na wote zikiwa na picha ya hoteli mgongoni, wakiwemo wasiolala humo. Bi. Jocelyn aliuliza kama anaweza kuvaa yake akiwa ameigeuza ndani nje. Alijibiwa kwamba hawezi.

KUMB. NA. 7/3/2026: MENGINEYO

Bi. Jocelyn aliuliza kama Mwenyekiti angependa kuazima joho lake la taulo, alilolinunua hotelini. Mwenyekiti alishukuru na kusema angependa kupewa la kwake huko huko. Mama Ozella aliagiza sapatu jozi moja zaidi kwa ajili ya kanisani.

KUMB. NA. 8/3/2026: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni. Ni desturi ya kamati hii kusimama kwa sala ya kufunga. Mwenyekiti alipotaka kuinuka, kwa kuwa wakati huo alikuwa amekwisha kuketi, Mama Ozella alimshika mkono na hakuuachia; kwa hiyo sala ilisaliwa wote wakiwa wameketi, isipokuwa Bi. Jocelyn, ambaye alikuwa jikoni akitoa kuku. Aliuliza kwa sauti kutoka huko kama kuna mtu atakayekuja kumsaidia. Mwenyekiti alimjibu asubiri kidogo.

Zimethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi za kikao:

Verdell Culpepper Hines
MWENYEKITI

Thaddeus Culpepper
KATIBU