Mkwe wa Miti ya Kompyuta

Kaka, nimeumbuka nyumbani kwangu mwenyewe!

Yule kijana anayempenda binti yangu kaja kumposa. Namuuliza kazi. Eti anatengeneza mashina ya miti ndani ya kompyuta, ajue yananenepaje. Yananenepaje! Nikamwambia, "Baba, mti unanenepa bila kukuuliza. Wewe umepanda mingapi?"

Hata mmoja. Kaka, hata mmoja! Nikacheka mpaka chai ikanitoka puani. Nikasema binti yangu haendi kula picha.

Akatupa macho dirishani, kwenye mti wangu niliouzungushia waya wa uzio. Kisha, kwa adabu zote: "Mzee, shina hunenepa kwa nje, hapo chini ya gome tu. Ule waya utakuwa unaukaba."

Nikambishia. Tukatoka wote kuangalia. Waya umezama ndani kabisa, na juu yake shina limevimba kama shingo iliyobanwa na tai.

Binti yangu ananitazama: "Baba, na mimi waya wangu utanifungulia lini?"

Sasa hivi niko nje na koleo, nakata waya. Yule kijana kakalia kiti changu, na mke wangu kashaanza kumwita "mwanangu".