Sauti ya Baba Chini ya Kitambaa

Kavutha Makau,
S.L.P. 1146,
Machakos.
19 Septemba 2004

Mpendwa kaka Kitheka,

Pokea salamu nyingi kutoka Kola, zimejaa vumbi kwa sababu huku hakuna kingine kilichojaa. Natumaini baridi ya Leeds haijakumaliza, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuachilia. Unakula? Au bado ni mkate na chai kama mgonjwa wa wodini? Tracy naye anaendeleaje na shule? Mwambie shangazi yake anamuulizia kila siku.

Sisi tu wazima, ukiondoa magoti ya mama. Mvua ilitukwepa tena. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi hata ng'ombe akayadharau, ni mbaazi tu zilizovumilia. Ndunda yuko kiwandani Athi River na huja nyumbani mwisho wa wiki. Kaburi la baba tumelizungushia mawe, na mama amepanda maua anayoyanyunyizia maji ya kuoshea vyombo.

Najua umeruka mistari yote hiyo ukitafuta habari ya rekodi za baba. Nakufahamu. Basi nisikuzungushe: yangu imepatikana, ya Ndunda imepatikana, yako haikupatikana. Pole, kaka. Nimechana karatasi nyingi nikitafuta namna ya kuliandika hilo kwa upole, na namna hiyo haipo.

Wacha nianze mwanzo, maana mengine hukuyajua. Ile kompyuta uliyomtumia baba ilikaa ndani ya boksi lake tangu kiangazi mpaka kiangazi. Unajua wewe na baba mlivyoachana. Uliacha kazi ya ualimu aliyokutafutia kwa kupigia watu magoti, ukapanda ndege bila kumuaga, na yeye akawa anawaambia watu kanisani kwamba ana watoto wawili. Nyinyi wawili mlipewa ukaidi kwenye sahani moja. Kisha koo likaanza kumuuma, na siku moja nilipofika nyumbani nikamkuta mzee na miwani yake mbele ya mashine, anaandika historia ya kanisa kwa kidole kimoja. Nilienda jikoni nikalia kidogo, nikarudi na chai.

Madaktari walipomwambia kwamba upasuaji utaondoka na sauti yake yote, alimtuma Ndunda atafute maikrofoni. Alitaka kutubariki wakati bado ana mdomo wa kutubarikia. Alituweka mimi na Ndunda mbele yake kwa zamu, akasema maneno yake, akanywa funda la maji akatupulizia kama alivyofanyiwa yeye na babu. Ndunda aliruka kuokoa waya za mashine, na mzee akamgombeza katikati ya baraka. Mpaka leo ugomvi huo umo kwenye rekodi.

Yako aliiacha ya mwisho. Alitutoa sote nje, hata mama, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu kuliko zetu zote mbili, nami nikaona wivu. Alipotoka alituamuru rekodi zisiguswe mpaka awe amelala udongoni. Tukatii. Wala hatukufikiria kuweka nakala mahali pengine, kwani nani kwetu hapa amewahi kusikia baraka ikihitaji nakala?

Sasa hili linalofuata ni lako peke yako. Hata Ndunda sijamwambia.

Siku baba alipopelekwa hospitali mara ya mwisho, mashine ilibaki ikiwaka. Alikuwa amemwonya mama kwa maandishi, maana sauti ilishakwenda, kwamba asiizime kwa swichi ya ukutani, itapoteza kila kitu. Mama hakujua njia nyingine ya kuizima, kwa hiyo akaiacha. Baba akafariki. Waombolezaji wakajaa, vumbi likaingia na viatu vyao, na watoto wa majirani wakawa wanagusa kila kitu. Mama akafanya jambo ambalo mama yeyote wa huku angelifanya. Unaikumbuka nyumba yetu: redio ina kitambaa, thamosi ina kitambaa, televisheni ina viwili. Alikunja leso mara mbili, akaifunika ile mashine mpaka mgongoni, na juu yake akatandaza kile kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile cha kutolewa askofu akija. Alikuwa anailinda sauti ya mumewe. Matanga yote ilikaa hivyo, inawaka chini ya leso.

Tulipofunua baada ya mazishi ilikuwa moto kama jiko, na ndani kitu kinagonga, ko, ko, ko. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Tuliipeleka mjini kwa fundi mmoja anayeitwa Onesmus, ana chumba juu ya bucha moja karibu na soko. Aliifungua, akanusa, akapitisha kidole mahali hewa hutokea. Akaniuliza, "Madam, hii kitu inapumua na mgongo. Mlikuwa mnaifunika na nini?"

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, mkoba magotini. Nilisema hapana, haikufunikwa, ni stima ilipotea ikarudi kwa kishindo. Onesmus akanitazama, akamtazama mama, akainamia mashine tena.

"Haya," akasema. "Ni stima. Hiyo stima ya huku imeua vitu za watu wengi."

Tangu siku hiyo nampenda huyo kijana.

Mama alipotoka nje, Onesmus alinieleza ukweli. Diski imepikwa. Kulikuwa na njia moja ya kujaribu: kuigandisha ili izunguke kidogo kabla ya kupata joto tena, na katika muda huo mfupi achote atakachoweza. Friji kubwa ilikuwa kwa mwenye bucha. Basi sauti ya baba ikafungwa kwenye mifuko ya plastiki, ikalazwa kati ya matumbo na vichwa vya mbuzi. Baba angecheka sana, yeye aliyekataa hata kula supu ya pale.

Ilipotolewa Onesmus akaniuliza aanze na ipi. Nilimwambia aanze na yako. Mimi na Ndunda tulipuliziwa maji usoni, sisi tumebarikiwa hata mashine ikichomeka. Wewe hukuwa na kitu kingine.

Ilikwama papo hapo. Akairudisha kwenye friji, akaitoa, ikakwama mahali palepale. Tulifanya hivyo mpaka mwenye bucha akaanza kulalamika. Mwishowe Onesmus akasema, "Madam, tukiendelea na hii moja, hata hizo zingine zitaenda. Uamue." Heri nusu shari kuliko shari kamili, ndivyo nilivyojiambia. Akachukua yangu na ya Ndunda na picha chache, na diski ikanyamaza moja kwa moja. Niliipeleka Nairobi kwa watu wenye vyombo vikubwa zaidi. Waliifungua wakanionyesha kwa macho yangu: uso wake umekwaruzwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. La kuvunda halina ubani.

Vilivyopona, pamoja na kipande kidogo cha yako, Onesmus alivitia kwenye sidii, nami nimekuwekea humu. Kwenye faili lenye jina lako utasikia kiti kikiburutwa, halafu baba anakohoa. Kisha anasema, "Kitheka." Anasema tena, "Kitheka," kwa ile sauti ya kukuita uje kula ukiwa mbali. Baada ya hapo ni mlio kama mvua kwenye mabati, mpaka mwisho. Usikae kuusikiliza ukidhani kuna neno ndani yake. Mimi nimeshakufanyia kazi hiyo, na hakuna.

Sasa mama. Niliporudi na sidii nilimchezea yangu. Alikaa mbele ya spika ameshika kidevu, na baba alipofika pale pa kumgombeza Ndunda akacheka huku machozi yanamtiririka. Kisha akamshukuru Mungu kwa Kikamba, "Ni muvea, Ngai. Sasa na Kitheka ataskia yake." Kaka, mimi niliitoa sidii nikairudisha kwenye kasha lake. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba sauti ya mzee imerudi yote, na kwamba alikuwa ameifunika vizuri. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Siwezi kumwambia. Amemzika mumewe juzi, sitamfanya azike na baraka ya mwanawe, aliyoiua kwa mkono wake mwenyewe kwa mapenzi. Unaweza kunikasirikia, una haki. Ukitaka kutukana, nitukane mimi kwa barua, nitazoea. Lakini ukipiga simu Jumapili ijayo kwa namba ya Ndunda, mama atakuuliza mzee alikuambia nini. Mwambie alikuita kwa jina. Hilo ni kweli. Mengine mwambie ni ya wewe na baba, naye ataheshimu, maana ndivyo baba mwenyewe alivyotaka alipofunga mlango.

Ninacho kitu kimoja zaidi cha kukupa. Siku ile baba alipojifungia na maikrofoni, nilikuwa chini ya dirisha nikipepeta mbaazi. Maneno sikuyasikia, hata moja. Lakini nilimsikia akicheka, kile kicheko chake cha puani alichokuwa akicheka ulipokuwa ukimwiga mwalimu mkuu. Sikuwa nimekisikia tangu uondoke. Sijui alikusamehe kwa maneno gani, kaka, ila najua mtu hacheki hivyo akimlaani mtoto wake. Shikilia hicho. Ndicho kilichobaki, na sitakudanganya kwamba kinatosha.

Shangazi Nthambi anakusalimu, anasema makaratasi yako ya kuishi huko yakikamilika uje umpe mkono kabla naye hajamfuata baba. Ndunda anakusalimu sana. Msalimie Tracy, mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mungu wa baba yetu akutazame huko uliko, akulishe, na akurudishe nyumbani ukiwa na miguu yako miwili.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kuchoka,
Kavutha

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha mama akaingia na kitu chake cha kutia kwenye kifurushi. Ni kitambaa. Amekifuma tangu tulipomzika baba, ni kipana, ameshonea leso kwa ndani iwe nzito, na jina lako liko pembeni kwa uzi mwekundu. Anasema ni cha kufunikia kompyuta yako, ili vumbi la huko lisiile sauti ya mzee. Nimekikunja vizuri nikakitia ndani. Kitandaze mezani, kaka, mbali na mashine. Na akikuuliza, mwambie unaifunika kila siku.