Siku Mbili Tupu Kwenye Ubao wa Karakana

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeniitikia, lakini ulinifundisha kwamba mtoto hamrukii mkubwa wake na habari kabla ya salamu. Nimekaa kwenye meza yako ya kurandia, hapa karakanani Iguguno. Mama yuko shambani anavuna alizeti. Baba Mdogo Kitundu amekwenda kuchagua mbao, na kabla ya kuondoka aliniachia kazi moja tu: nifute ubao, tuandike kazi mpya. Nimeshika kitambaa tangu asubuhi na sijaweza kufuta, ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwanza.

Unakumbuka ubao huu ulivyoanza? Nilikuwa nimefunga shule, kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa biashara alituagiza kila mmoja akae wiki mbili kwenye biashara ndogo ya nyumbani kwao, aandike kwa nini kazi zake zinachelewa. Wenzangu walihangaika kutafuta pa kwenda. Mimi sikuhitaji kutafuta. Kuanzia hapa hadi Kinampanda watu walikuwa wanajua kwamba ukitaka mlango imara uende kwako, ila uende ukiwa na subira.

Siku ya kwanza tu alikuja Mama Salome. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi, hiyo Ijumaa yako ni ya mwezi gani? Kitanda nilikiagiza cha harusi ya binti yangu. Ameolewa, amejifungua. Sasa kimalize basi, nimlazie mjukuu."

"Mama Salome, njoo Ijumaa."

"Ipi?"

"Hii hii inayokuja."

Ulicheka, na yeye akacheka, na Baba Mdogo akacheka mpaka akaweka msumeno chini. Mimi niliinamisha kichwa kwenye daftari. Alipoondoka nilimsikia akimwambia mwenzake barabarani, bila kucheka tena, "Mikono ya dhahabu, lakini mwongo." Sikukuambia nililisikia neno hilo. Nadhani na wewe ulikuwa umelisikia mara nyingi.

Niliandika kila siku ulichofanya na kilichokusimamisha. Nilitegemea kuona uvivu, unisamehe. Sikuuona. Niliona kwamba ulianza kazi nne kwa mpigo ili kila mteja aone mbao zake zimeguswa. Niliona mlifika kwenye kupaka ndipo mkakumbuka kwamba vanishi imekwisha. Lakini siku nyingi zaidi zilikuwa zimekwenda kwingine. Ndani ya wiki zile mbili watu walikuja mara tatu, wametulia, kofia mkononi, na kila mara uliweka chini ulichoshika, ukachukua futi kamba, ukauliza kwa sauti ya chini, "Urefu wake?"

Msiba hauna foleni, ndivyo ulivyoniambia. Jeneza linaanza, kila kitu kinasubiri. Nilipokuuliza kwa nini humwambii Mama Salome kwamba siku yake ilikwenda kwenye jeneza la jirani, ulinitazama kana kwamba nimesema tusi.

"Nimfanye marehemu wa watu kuwa kisingizio changu? Bora niitwe mwongo."

Nililiandika jibu hilo kwenye daftari langu, na nilipompelekea mwalimu nyumbani kwake aliweka mstari chini yake kwa wino mwekundu. Pembeni akaandika: "Basi mpango wake uwe na nafasi ya jambo hilo."

Halafu ikaja ile kazi ya bweni la wasichana. Mwalimu Mkuu wa sekondari alikuja mwenyewe, akakataa kukaa. Vitanda ishirini vya deka, wiki tano, vifike Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa.

"Fundi, nakuheshimu, lakini nakufahamu," alisema. "Wasichana hawa wamepanga vyumba mitaani, wengine tumeshawapoteza. Vitanda visipofika Jumamosi, bweni halifunguliwi, na mimi sitarudi hapa."

Hukusema "njoo Ijumaa". Ulisema, "Nimesikia, mwalimu." Alipoondoka uliniita. "Lile daftari lako linasema nini? Nisomee."

Tulichukua kipande cha plaiwudi, tukakipaka rangi nyeusi, tukakigonga ukutani. Nilichora wiki tano, kila siku na mraba wake. Tukaigawa kazi: kukata, kuranda, kutoboa matundu, kuunga, msasa, vanishi, ngazi, chaga. Uliniambia kipi hakiwezi kuanza kabla ya kipi, na mimi nikapanga. Vanishi na misumari tukaandika vinunuliwe wiki ya kwanza. Kazi nyingine hatukupokea, na niliona ilivyokuuma kuwarudisha watu. Ulisema kwamba kwa mara ya kwanza umeiona kazi nje ya kichwa chako.

Lakini kila wiki nilikuwa nimeacha miraba miwili, na ndani yake niliandika neno jeneza.

Baba Mdogo ndiye aliyeliona kwanza. Akaacha kupuliza vumbi la mbao.

"Kaka, njoo uone binti yako anatupangia nini."

Ulikuja, ukasoma. Hukunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hatumwandalii mtu kifo, mwanangu," ulisema. "Sisi tunaotengeneza haya ndio wa mwisho kuyaita." Ulichukua kitambaa, hiki hiki nilichoshika sasa, ukafuta neno lile kwenye kila wiki, polepole, mraba mmoja baada ya mwingine. Nikadhani utaandika kazi mahali pake. Hukuandika. Ulisimama, ukasema, "Ziache tupu. Ila usizipe jina."

Wiki ya kwanza hakuna aliyekuja, na siku zile mbili zikatumika kuranda mbao za mbele. Wiki ya pili alifariki bibi wa jirani zetu wa ng'ambo ya barabara. Mlimtengenezea jeneza lake, mkaenda kumzika, mkarudi, na kazi ilikuwa bado iko sawasawa na ubao. Uliugonga kwa kidole, ukamwambia Baba Mdogo, "Umeona? Tumezika na hatujachelewa." Sijawahi kukuona umesimama wima namna ile. Kuanzia siku hiyo ulichukua chaki wewe mwenyewe. Kila jioni kabla ya kufunga uliweka alama ya vema kwenye mraba wa siku hiyo, kubwa na iliyoegemea kushoto.

Alama ya mwisho ni ya Jumanne ya wiki ya nne.

Jumatano ulikuwa unapiga msasa kitanda cha kumi na nne. Mchana ukasema kichwa kinakuuma, ukakaa, ukalala pale pale kwenye maranda. Tukakukimbiza hospitali, na kabla ya jua kuzama walikuwa wameshatuambia ni presha, na kwamba umekwenda.

Jeneza lako alilitengeneza Baba Mdogo, Alhamisi, kwenye meza hii. Hakutaka msaada wa mtu. Nilimletea maji akanywa nusu, nusu akanawa uso ili nisione. Alipomaliza alitazama ubao. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa tupu. Alinitazama mimi, kisha akatazama chini.

Baba, hapa ndipo panaponishinda. Niliichora mimi ile miraba. Ulinikanya, na kifo kikaja kikakaa mahali pale pale nilipokiachia. Ijumaa tulipokuzika sikulia kama wenzangu walivyolia, kwa sababu niliogopa. Nilihisi kama nimekuita.

Wakati wanakushusha, mtani wako Maganga, yule fundi wa Kinampanda, alipaza sauti kama watani wanavyoruhusiwa. "Jamani, fundi huyu hajawahi popote maisha yake yote! Leo ana haraka ya nini? Mrudisheni, ana kazi za watu!" Watu walicheka wakiwa na machozi. Lakini lile neno la kazi za watu lilibaki hewani, na nilimwona Mwalimu Mkuu, aliyesimama na kina mama, akiinamisha macho.

Jumamosi tulikuwa bado kwenye matanga. Kwa hiyo ubao ulikuwa umetoa siku mbili, na wewe ukachukua tatu. Hata hapo, Baba, ulichelewesha. Ninakutania kidogo, nadhani ungecheka.

Jumatatu asubuhi Baba Mdogo alifungua karakana, akakaa kizingitini. Vitanda sita bado, mtu mmoja, siku sita. "Nitakwenda kwa mwalimu nimwambie hatuwezi," aliniambia. "Ataelewa. Tumefiwa."

Nilikumbuka ulivyosema kuhusu kisingizio. Sikuthubutu kumwambia. Kabla hajainuka, Maganga akaja na mafundi wawili, wamebeba vyombo vyao begani. Alisimama mbele ya ubao, akausoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, midomo ikitembea.

"Jumatatu kuunga. Jumanne ngazi, halafu chaga. Vanishi ipo?"

"Ipo tangu wiki ya kwanza," nilisema.

"Basi. Hapa sina haja ya kumuuliza mtu." Akamgeukia Baba Mdogo. "Huyu bwana kiboko. Hata kaburini anatutuma!"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mwalimu wangu hakukiandika kwa wino mwekundu. Zamani mpango wote ulikuwa kichwani mwako. Ungebaki humo, ungezikwa nao, na vitanda sita vingebaki mbao. Sasa ulikuwa ukutani, na mtu aliyetoka Kinampanda aliweza kuingia na kuendelea pale ulipoacha.

Jumamosi vitanda ishirini vilifika. Mwalimu Mkuu alipita akitikisa kimoja kimoja, hakuna kilichoyumba. Alipofika cha mwisho alikiegemea, akamwambia Mama, "Fundi ametimiza." Mama Salome naye alikuwepo; alikuja kusaidia kufagia bweni. Alilirudia neno hilo kwa wanawake wengine, kwa sauti, mara mbili.

Jioni ile nilimwambia Mama habari ya miraba, na woga wangu. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha ungo.

"Tunapoweka mahindi ghalani, huwa tunaiita njaa?"

"Hapana, Mama."

"Basi kula ulale."

Ninajitahidi kuliamini jibu hilo. Siku nyingine naliamini kabisa, siku nyingine nusu. Ningependa kusikia lako.

Sasa Baba Mdogo amepata kazi ya madawati, na Mama Salome amepata kitanda chake, ingawa mjukuu ameshaanza kutembea. Juzi mama anayeshona sare pale stendi aliniita. Kila Januari analala kwenye cherehani na bado watoto wanakosa. "Nichoree na mimi kitu kama cha baba yako," alisema. Nikichora, nitamwuliza kwanza ni nini huwa kinamsimamisha ambacho huona aibu kukisema. Nadhani hilo ndilo swali. Nikimaliza shule ningependa niwe mtu wa kuuliza swali hilo kwa mafundi wengi.

Nimesimama, Baba. Nimefuta wiki ya tano, ya tatu, ya pili, ya kwanza. Ya nne nimeifuta mwisho, na alama yako ya Jumanne nimeifuta kwa kiganja, si kwa kitambaa. Chaki yako imebaki mkononi mwangu kidogo.

Nimechora wiki nne za madawati. Kila wiki nimeacha siku mbili tupu. Sijazipa jina.

Pumzika, Baba. Kazi za watu ziko ukutani.

Ni mimi binti yako,
Neema