Kilio cha Sahani ya Tatu

Shamba la minazi, karibu na Quiterajo
Siku ya kumi na mbili tangu kilio

Dada yangu Mwanahawa,

Kilichopotea ni salamu za Bakari, na zimepotea tangu barua yenu ya mfunguo tatu, mwaka juzi. Nalitanguliza hili kabla sijakuamkia kwa sababu nikianza na shikamoo na habari za mvua nitafika chini ya karatasi sijauliza, kama nilivyofanya mara tatu.

Basi shikamoo, dada. Na Mama mfikishie shikamoo yangu ukiwa umekaa naye, si ya kumrushia ukipita. Uvimbe wa miguu umepungua? Na hiyo nyumba ya Mikindani, mmeshaezeka upande wa jikoni au bado mnapikia uani? Mimi ni mzima. Homa ilinishika siku nne ikaniacha. Kazi ninayo.

Sasa hesabu. Tangu mvuke mto Rovuma mkaniacha huku nimepata barua zenu saba, na zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Katika nne za mwanzo Bakari ananisalimu kwa jina lake, na katika ile ya nne ananiagiza nimtafutie kengele ya baiskeli, iwe ya kulia mara mbili. Katika tatu za mwisho umeandika, "Wote wanakusalimu." Mama umemtaja, shemeji umemtaja, hata mbuzi aliyezaa mapacha umemtaja. Mdogo wetu wa tumbo moja ameingia katika "wote". Nilipouliza yuko wapi ulinijibu habari za mihogo. Wewe ndiye mwenye mkono mzuri wa kuandika kuliko sisi sote, dada, kwa hiyo sidhani kwamba umesahau.

Nilikuwa nimeshajizoesha kutouliza. Kilichonirudisha ni mambo ya santuri, na itabidi nikueleze yote kwa mpangilio wake, usije ukasema jua la Quiterajo limenipanda kichwani.

Dona, mke wa patrau wetu mwenye shamba, aliletewa sanduku na kaka yake kutoka Lisboa. Ndani mna sahani nne za santuri, maana yake pande nane. Akaniita kwa sababu santuri yake ya betri ilikuwa imekata sauti, na huku mtu wa kufungua makina na kuifunga bila kubakiza skrubu mkononi ni mimi tu. Unajua hakuna aliyenifundisha. Redio yangu ya kwanza niliifungua mara kumi na tisa kabla haijatoa neno. Hii ilinichukua asubuhi mbili. Nilipoijaribu kwa sahani ya kwanza nikadhani nimeiharibu, nikaizima, nikaifungua upya. Dona akacheka, akasema makina ni nzima, muziki wenyewe ndivyo ulivyo.

Unaitwa opera. Ni mchezo ambao watu wake hawasemi, wanaimba tangu wanapoingia mpaka wanapotoka, hata wakitaka kuulizana saa. Zile za zamani, kwa maelezo ya Dona, zina nyimbo ambazo mtu huondoka nazo mdomoni. Hii ni ya kisasa, na aliyeitunga aliitunga makusudi isishikike. Tena ni ya Kijerumani, ambacho Dona mwenyewe hakijui. Kaka yake alimwandikia kwamba waliokwenda kuisikiliza walitoka nusu, na kwamba ni masikio yaliyosoma tu yanayoiweza. Dona akaudhika. Akataka kumthibitishia kaka yake kwamba mtu asiyefundishwa lolote ataisikia vizuri kuliko wao. Kwa hiyo Jumapili, baada ya adhuhuri, watu waje kwenye banda la mbata wakae wasikilize. Mimi niendeshe santuri na kumtafsiria wanachosema, yeye aandike kwenye daftari.

Walikuja arobaini na watatu. Kumi na saba ni watu wa pwani, wakwezi na wavuvi na wake zao. Ishirini na sita ni Wamakonde walioshushwa kutoka uwanda wa juu na kuwekwa kwenye kijiji cha waya, wasiwalishe wapiganaji wa msituni, kile serikali inachokiita aldeamento. Nisiwasingizie mapenzi ya muziki, waliahidiwa chai na mkate.

Upande wa kwanza ulichukua dakika ishirini na mbili. Hakuna aliyekohoa. Mzee Nchumali, mpiga ngoma wa Kimakonde, alikuwa ameinua kiganja tangu mwanzo akitafuta mahali pa kukishusha gotini. Upande ulipokwisha kiganja kilikuwa bado kiko juu. Akaniambia hawa watu si wabaya, kila mmoja anajua anachopiga, lakini hizi ni ngoma za nyua tatu zilizogombana. Nikamtafsiria Dona, akaandika mistari sita.

Bi Sifa, yule muuza samaki, akasema mwanamume mwenye sauti nene anagombana na mkewe juu ya chumvi, sikilizeni, kila akiondoka anarudi pale pale. Shoga yake akamkatalia. "Hawezi kuwa mkewe," akasema, "mbona anamsikiliza?" Banda zima likacheka. Upande wa pili kapatazi, yaani msimamizi wetu, akalala na kukoroma, na Mzee Nchumali akasema angalau huyo ameshika pigo. Shehe Amade, mwalimu wa chuo cha Kurani, hakuingia. Alisimama nje kwenye kivuli cha paa akisema yeye anapita tu, na akapita kwa muda wa pande tano. Alipoulizwa alisema wanaimba kama wanafunzi wanaosomeshwa kitabu wasichokijua, wanaogopa fimbo. Dona alifurahi mno. Akaniambia kaka yake hajamwandikia hata sentensi moja nzuri kama hizi.

Ikaja sahani ya tatu, upande wake wa pili. Vyombo vyote vinanyamaza, anabaki mwanamke peke yake. Anaanza chini, kama anayejiuliza jambo, halafu anapanda, anazidi kupanda, mpaka inakuwa si wimbo tena. Mimi nimezoea sauti za spika, dada, nazijua zilivyo za bati. Hii ilinifikia kama sauti ya Mama siku ile baba alipoletwa kwenye machela. Haina neno ndani yake, na ina ule mkato wa kuvuta pumzi katikati.

Unajua kwetu kulivyo. Kilio kikisikika mwanamke hakai akauliza ni cha nani. Anafungua kilemba, anajifunga kapulana kiunoni, anaitikia, na jina la marehemu atalipata njiani. Aliyesimama wa kwanza ni Anjelina, mwanamke wa Kimakonde anayepasua nazi pamoja nasi. Akaitikia. Bi Sifa, ambaye sasa hivi tu alikuwa akicheka, akafuata. Sijafika kumi kwa kuhesabu, wanawake wote ishirini na mmoja walikuwa wima, na yule wa kwenye sahani hakusikika tena. Walimzidi.

Mwanzoni Dona uso ulimng'aa, kalamu ikawa inakimbia. Halafu ikasimama. Akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanauliza aliyekufa ni nani.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Waambie ni mchezo."

Nikainua sindano ili nisikike, nikawaambia. Anjelina alinitazama mimi, hakumtazama Dona.

"Mwambie sisi tumeshalia," akasema. "Kama yeye hana maiti wa kumtaja, sisi tunao."

Akamtaja. Ni mumewe, ambaye wapita njia walileta habari kwamba alianguka msituni mvua za mwaka jana. Katika kijiji cha waya huwezi kumlilia mtu wa namna hiyo, kwa sababu ukimlilia utaulizwa alikuwa anafanya nini huko na alikuwa na nani. Alimtaja kwa jina lake na la baba yake, kisha akakaa kwenye mkeka. Akafuata mwingine. Mama mmoja alitaja watoto wawili kwa pumzi moja. Mzee Nchumali akamtaja kaka yake. Majina yalifika kumi na moja, na yalisemwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mgeni nyumba yake ilipo. Dona alikuwa ameandika jina la kwanza. Kwa la pili akaona anachokifanya, akaichana karatasi ile, akanipa. Nimeichoma.

Ndipo Anjelina akanigeukia.

"Na wewe, fundi, wako nani?"

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa tayari, nikalimeza. Ukimtaja aliye hai penye matanga umemzika kwa mkono wako, na aliyekufa ukimnyamazia umemwacha nje peke yake. Nikasema sijui.

"Hujui," akasema, "au hujaambiwa?"



Wanawake hawakuondoka siku ile. Kilio kilichokwisha kuitikiwa lazima kikaliwe siku tatu, na patrau alitaka watu kazini Jumatatu. Sikumwendea na maombi, nilimwendea na hesabu. Nazi zilizokuwa zimeanikwa haziwezi kukauka kabla ya Jumatano, na bila nafasi ya kuanika hizo nyingine, wapasuaji wangekaa tu. Wakikaa kwenye banda lake au kwenye mkeka, kwake ni mamoja. Akapiga hesabu ile ile kwa kalamu yake, akakubali. Askari wawili walipopita kuuliza msiba ni wa nani, Bi Sifa akawajibu kuwa ni wa mwanamke mmoja wa Kijerumani. Wakacheka, wakaenda zao. Dona alileta kahawa na sukari mwenyewe, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka nusu saa.  Pande mbili za mwisho hazijapigwa mpaka leo, wala hakuna aliyeuliza mchezo unaishaje.

Sasa nije kwenu. Najua kwa nini mmenificha, na linaniuma. Mnasema mimi, Saidi, nakula mkate wa Mreno, namtengenezea pampu, nikiambiwa neno litafika mezani kwa patrau. Shemeji aliligusa katika barua ya tano, "wewe mwenzetu uko na wenyewe." Hata Bakari alipoondoka kwenu kurudi upande huu na wenzake kupigana hamkuniambia, nilisikia kwa muuza tumbaku. Basi nami niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka wa kwanza wa vita nilikalishwa kwenye kiti na askari nikaulizwa mdogo wangu yuko wapi. Nikasema amekufa kwa tumbo. Niliulizwa mara tatu kwa siku mbili, nikajibu lile lile, nikataja hata mahali pa kaburi. Ndiyo maana hakutafutwa. Ndugu yangu nimeshamuua mara moja kwa mdomo wangu ili aishi, nanyi mnaogopa nitamuuza. Sitamtaja mara ya pili bila kujua kama ni kweli.

Na kujua nataka sasa, kwa sababu tarehe ipo. Siku ya arobaini ya kile kilio itasomwa hitima. Majina saba atayasoma Shehe Amade, manne yataombewa na katekista wa Wamakonde, siku moja, uani kwa Bi Sifa. Shehe hayaandiki majina, anayaweka kichwani, na ameniambia kwamba baada ya siku ya thelathini na saba hapokei jingine. Leo ni siku ya kumi na mbili. Barua hii haipiti posta. Anaichukua Mama Zuhura, muuza chumvi, imeshonwa ndani ya pindo la kapulana yake, na anaondoka kesho. Akipata mvushaji pale Nhica do Rovuma bila kuchelewa, safari nzima mpaka kwenu ni siku tisa. Hiyo ni ishirini na mbili. Anapumzika kwenu siku nne, ishirini na sita. Kurudi tisa, thelathini na tano. Nimebakiwa na siku mbili za dharura, na kwa hali ya njia siku hizi hizo si nyingi. Ukishaisoma ichome, na huyu mama mpeni pa kulala pazuri, anabeba zaidi ya chumvi.

Mama mwambie baridi yangu ya kifua imekwisha, asiniwazie. Shemeji Hamisi, mume wako, namsalimu bila kinyongo, na hayo niliyoyaandika juu yake asomewe. Mjomba Faki, fundi viatu wetu, mwambie ile nyundo yake ndogo bado ninayo na bado inafanya kazi. Shangazi Somoe, aliyetulea sote watatu Mama alipokuwa mgonjwa, mshike mkono kwa niaba yangu. Wanao wawili uwabusu, na huyo mkubwa anayejifunza kusoma usimpe barua hii ajaribie.

Sitaki barua ndefu. Mvua, mihogo na mbuzi niandikie siku nyingine, nitafurahi kuvisoma. Safari hii niandikie neno moja, yupo au hayupo. Kama ninyi wenyewe hamna hakika, andika hatujui, na hilo pia nitalipokea, ilimradi liwe la kweli. Liandike kwa mkono wako mwenyewe, asiandike shemeji. Mama Zuhura atatoka mlangoni kwenu alfajiri ya siku ya nne tangu afike, wala hatasubiri. Kabla hajafunga mzigo wake, dada, nijibu. Bakari yupo, au hayupo?

Ndugu yako,
Saidi, fundi