Muhuri Mpya kwenye Dola ya Zamani

Xiaobei, Uchina, Jumanne

Mkono bado unaniuma kwa kumpiga yule sonara.

Nilimpelekea ile dola ya fedha ya Marekani, ya karne ya kumi na tisa, ninayotaka kuiuza, anihakikishie kama si feki. Uzuri wake ni ile mihuri ya wafanyabiashara wa Kichina wa zamani, waliokuwa wakiigonga kuonyesha kwamba wameikagua na wanaidhamini. Mzee akaipima, akasikiliza mlio wake, akatabasamu. Mara akachukua nyundo, akagonga muhuri wake kifuani pa yule bibi aliyechorwa kwenye sarafu! Muhuri wa leo! Nani atainunua sasa?

Nilimkaba koo. Nikamtwanga ngumi ya mdomo, mizani ikaruka, kioo cha kabati kikapasuka. Hamadi, wakala wetu wa mizigo aliyekuja kunitafsiria, akanivuta: "Dada Zuhura, utamuua mzee wa watu!"

Mzee akatema damu, akasema maneno machache. Hamadi alinitafsiria tukiwa nje: "Umetaka nikuhakikishie. Atakayeikataa, mlete kwangu."

Nimeitazama tena. Ile mihuri ya zamani sijui hata mmoja ni wa nani. Huu mpya, mwenyewe namjua, na damu yake bado iko kwenye pete yangu.